Tupeane uzoefu: zana na spea za kubeba kwenye gari-nyumba unapoelekea kusiko na gereji

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa wenzetu wanaosafiri na gari-nyumba, zile zenye kitanda, jiko na choo ndani, hasa nyie mnaojichimbia kule ambako mtandao haushiki na gereji ya karibu ni mwendo wa siku nzima. Orodha za zana zimejaa kila mahali na zote zinafanana: spana, jeki, tochi, basi. Mimi nataka visa. Nini kiliharibika, boksini mlikuwa na nini, na kipi mnakibeba miaka yote bila kukigusa?

Naanza. Kilichonitoa porini ni mkanda wa akiba wa alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Asubuhi ulianza kulia, mchana ukaanza kumenyeka mbavu, na kwenye injini yangu mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji ya rejeta, kwa hiyo ukikatika huendi popote. Wa akiba nilikuwa nao. Mgongoni mwa mkanda huwa pameandikwa namba, mfano 6PK1750, maana yake mbavu 6 na urefu milimita 1750, kwa hiyo kuupata sahihi si shida. Shida ni kuufunga: nafasi kati ya injini na bodi inapitisha kiganja tu, na tenshona, ile inayokaza mkanda, inataka spana ndefu iliyo bapa.

Mimi nina utaratibu mmoja. Nikinunua spea mpya, naifunga nikiwa nyumbani. Ile iliyotoka ikiwa bado nzima ndiyo inakuwa ya akiba, na zana nilizotumia siku hiyo ndizo zinazoingia boksini. Siku ya tatizo najua kabisa kwamba kitu kinaingia na mkono unafika.

Spana Kumi

Mkuu umeanza na injini, lakini kwa uzoefu wangu upande wa nyumba ndio unaosumbua zaidi, na hasa umeme. Kama ningeambiwa nichague zana moja tu ningechukua malitimita, ile mita ya kupimia umeme, hata ya bei ya chini.

Kisa: usiku taa zilififia, pampu ya maji ikawa inanguruma bila kusukuma, friji ikagoma. Kila mtu angesema betri imekufa. Nikapima kwenye betri yenyewe, volti 12.7, imejaa. Nikapima kwenye kisanduku cha fyuzi wakati pampu imewashwa, volti 10 na ushee. Hapo ujue umeme unapotelea njiani. Nikaacha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine nikaigusisha kwenye chasisi, mita ikaonyesha karibu volti 2 wakati inatakiwa iwe karibu na sifuri. Kumbe waya wa arthi, unaounganisha hasi ya betri na chasisi, ulikuwa umeota kutu pale unapofungwa kwenye chasisi. Msasa, spana namba 10, kaza, maisha yakaendelea. Bila mita ningefungua nusu ya gari.

Fyuzi: bebeni rangi zote mlizonazo kwenye gari (nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30), lakini msiisahau ile kubwa inayofungwa kwa nati karibu na betri. Hiyo ndiyo haipatikani njiani. Na anayeweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa, au karatasi ya sigara, aelewe kwamba sasa waya ndio utakaoungua, na waya umepita nyuma ya mbao na magodoro.

Dereva Mpole

Kabla ya yote, chungulia kama gari lako lina tairi la akiba! Mengi yanatoka kiwandani na chupa ya gundi na kompresa tu. Gundi inaziba tundu la msumari. Tairi likichanika ubavuni, hata plagi za pancha hazisaidii.

Spana ya magurudumu inayokuja na gari naiona ni pambo. Mimi nabeba mkono mrefu na soketi ya saizi ya nati zangu. Halafu kipande cha ubao mnene, maana jeki ya chupa kwenye mchanga inazama yenyewe huku gari limekaa palepale. Ukishabadilisha, tembea kama kilomita 50 kisha usimame ukaze nati tena.

Kilo Moja

Naona uzi unaelekea kubeba gereji nzima. Nchi nyingi za Ulaya leseni ya kawaida inaishia gari la kilo 3,500, na magari-nyumba mengi yametengenezwa yaguse hapohapo. Jaza tanki la maji la lita 100, tayari ni kilo 100. Ongeza gesi, baiskeli, watu. Kinachobaki ni kidogo sana, na mtu anaingiza boksi la chuma la zana ambalo wanaume wawili wanalinyanyua kwa shida.

Halafu linawekwa wapi? Kwenye buti la nyuma kabisa. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inabeba zaidi ya uzito wa mzigo wenyewe, na ya mbele inanyanyuliwa. Usukani unakuwa mwepesi. Zana nzito zikae chini, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mimi hupita mizani nikiwa nimepakia kila kitu, ekseli moja moja, ndipo naanza kutoa. Seti ya soketi vipande 100 na kitu? Nimebaki na zile zinazoingia kwenye gari langu tu.

Mama Kempa

Kilo Moja nakuunga mkono, ila vitu vya maji ni vyepesi na ndivyo vinavyoharibu safari. Kila mara ninayosafiri nina klipu za hosi, jointi mbili tatu za bomba la saizi yangu, na pampu ya maji ya akiba. Pampu ikiwaka na kuzima yenyewe usiku bila bomba kufunguliwa, msikimbilie kuibadilisha. Mara nyingi maji yanavuja mahali. Pitisha karatasi ya chooni kwenye kila jointi, itakayolowa ndiyo hiyo.

Kuhusu gesi, nina povu la sabuni la kupaka kwenye maungio, basi. Likitoa mapovu nafunga mtungi, siwashi kitu, na nyumba yote naifungua milango. Jiko na hita naviachia wenye ujuzi. Na wale wenye maboksi makubwa: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inashuka chini, ndiyo maana sakafuni kuna matundu ya kuitolea nje. Nimeona gari la rafiki boksi la zana limekaa juu ya tundu hilohilo.

Dizeli Tupu

Filta ya dizeli. Beba mbili, maana mafuta yakiwa machafu ya kwanza itaziba, na tanki bado limejaa mafuta yaleyale. Injini yangu ilianza kukohoa kwenye vilima tu, tambarare inaenda vizuri. Jifunze mapema injini yako inatolewaje upepo baada ya kubadilisha filta; nyingine zina pampu ya mkono, nyingine unawasha swichi mara kadhaa bila kupiga stata. Kwenye injini za kisasa usilegeze bomba la nozeli wakati inaunguruma. Presha ya pale inapita bar 1,000, inatoboa ngozi.

Mgeni Jijini

Na sisi tusiojua hata spana inashikwaje, tubaki nyumbani?

Mwanzisha uzi

Hapana ndugu yangu, beba spea hata kama hujui kuzifunga. Fundi wa kijijini ana mikono na ana spana. Asichokuwa nacho ni mkanda wa gari lako. Piga picha bamba la chasisi na bamba la aliyejenga nyumba, kwa sababu mara nyingi ni makampuni mawili tofauti: filta unaagiza kwa namba ya kwanza, dirisha au kitasa kwa ya pili. Weka picha kwenye simu na nyingine ichapwe, mtandao usikuangushe.

Mama Kempa

Mmesahau mpira wa kasha la choo, lile tanki la uchafu linalochomolewa kwenda kumwagwa. Ukikauka unavuja, na hapo hakuna atakayewaonea huruma. Upakeni silikoni ya kulainisha, si mafuta ya kupikia, yanauharibu. Na nunueni wa akiba, ni mdogo kama bangili.