Mjadala: Teksi ipimwe kwa umri au kwa hali yake?

Ndugu zangu mlioko Uingereza, hasa nyinyi ambao riziki yenu iko kwenye usukani, hili naomba tulijadili bila kuoneana haya. Halmashauri nyingi huko zina kanuni mbili za umri wa teksi. Moja inasema gari linaloombewa leseni kwa mara ya kwanza lisiwe limezidi miaka kadhaa tangu lisajiliwe, mitano kwa mfano. Nyingine inasema likifikisha umri fulani, 10 au 12 hivi, linavuliwa kibao cha leseni, hata kama lilifaulu ukaguzi wiki iliyopita. Msimamo wangu: zote mbili zifutwe, na magari yakaguliwe mara nyingi zaidi na kwa ukali zaidi.

Uwezo wa kufanya hivyo upo. Sheria ya mwaka 1976 inayosimamia teksi za England na Wales, nje ya London, inairuhusu halmashauri kuliita gari kwenye ukaguzi hadi mara 3 kwa mwaka. Inachodai ni gari lililo zima kimitambo, salama na lenye kumstarehesha abiria. Tena Wizara ya Uchukuzi, katika mwongozo wake wa Novemba 2023, iliziambia halmashauri waziwazi zisiweke ukomo wa umri, zilenge kile hasa wanachokitaka: moshi kupungua, usalama, na magari yanayoweza kumbeba abiria wa kiti cha magurudumu. Ikatoa na mfano kwamba gari la umeme lenye miaka 5 linatoa moshi mdogo kuliko la dizeli jipya kabisa. Lakini mwongozo si amri, na kanuni za umri zingalipo.

Ingia gereji yoyote inayohudumia teksi utaona ninachosema. Gari la miaka 3 ambalo madereva wawili wanapokezana, mmoja mchana na mwingine usiku, linaweza kuwa limeshakata maili 150,000. Ukilipandisha juu unakuta bushi zimelegea, shokapu zinavuja, diski za breki zimeliwa hadi zina ukingo unaoweza kuushika kwa kidole. Pembeni kuna la miaka 11, la mtu mmoja anayepeleka watoto shule na wagonjwa hospitali, limetembea nusu ya maili hizo. Mwenyewe hulipaka dawa ya kutu kila kabla ya baridi, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hutafuna mabomba ya breki. Kanuni inalipitisha la kwanza na kulifukuza la pili.

Na likishafukuzwa linakwenda wapi? Linauzwa kwa familia ya mtaa uleule. Kuanzia hapo linakaguliwa mara 1 tu kwa mwaka, linabeba watoto walewale, kwenye barabara zilezile. Kama lilikuwa hatari kwa abiria, mbona limeruhusiwa kwa watoto wa mnunuzi? (Msomaji wa Mombasa atashangaa zaidi. Kenya inaruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka 8, kwa hiyo gari la miaka 7 kutoka Japani huanza kazi ya teksi pale katika umri ambao kwa halmashauri nyingi za Uingereza haliwezi hata kuombewa leseni.)

Hoja nzito ya upande wa pili ni hewa, na siichukulii kwa wepesi hata kidogo. Mtoto Ella Adoo-Kissi-Debrah alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 9, kwao Lewisham, London, karibu na barabara yenye magari mengi. Desemba 2020 afisa anayechunguza vifo alitamka rasmi kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Baada ya hapo hakuna anayeweza kusema moshi wa magari ni kero ndogo. Lakini moshi una kipimo chake. Kwenye eneo la London linalotoza magari machafu pauni 12.50 kwa siku, gari la petroli linatakiwa liwe la Euro 4 (Euro ni viwango vya Ulaya vya moshi, namba ikipanda moshi unapungua), ambacho magari mapya yalikuwa nacho tangu mwaka 2006 hivi. La dizeli lazima liwe Euro 6, iliyokuwa ya lazima kwa magari mapya mwaka 2015. Maana yake gari la petroli la 2008 linapita bure na dizeli nyingi za 2013 zinalipa. Ukienda kwa umri utamfukuza asiyechafua na kumbakiza anayechafua.

Teksi nyeusi za London, zile unazozisimamisha barabarani kwa mkono, nazitenga, kwa sababu pale magari yalikuwa karibu yote ya dizeli na ya muundo unaofanana, hivyo umri ulikuwa kipimo kizuri cha moshi. Ukomo wa dizeli ulishushwa kutoka miaka 15 hadi ukafika 12 mwaka 2022. Ila gharama yake ilikuwa kubwa. Tangu Januari 2018 teksi mpya lazima iweze kutembea bila moshi, na gari lililokuja kuziba nafasi hiyo liliingia sokoni kwa zaidi ya pauni 55,000. Mwaka 2016 teksi hizo zilizidi 20,000; kufikia 2024 zilikuwa chini ya 15,000. Uviko na ushindani wa programu za simu vilichangia, lakini mkopo wa gari nao umewaondoa wazee wengi. Na kila teksi nyeusi hubeba kiti cha magurudumu, kwa hiyo aliyepungukiwa zaidi ni abiria mlemavu.

Kuna madereva wenzetu wanaoupenda ukomo wa umri, na sababu wanaisema wakiwa peke yao: unamzuia mgeni asiye na mtaji. Mkongomani aliyefika juzi, mwenye gari safi la miaka 7 alilolinunua kwa fedha taslimu, anaambiwa akakope la miaka 3. Akikopa, atalazimika kukaa barabarani saa nyingi kulipa deni, na dereva aliyechoka ni hatari kuliko gari la miaka 7. Asipokopa, anatafuta leseni kwenye halmashauri yenye masharti nafuu na kurudi kufanya kazi mji uleule. Manchester na miji jirani, karibu nusu ya teksi za kuagizwa kwa simu zimepewa leseni na halmashauri za nje. Halmashauri ya mji huo imejinyima yenyewe ada na usimamizi.

Pendekezo langu ni hili: gari lililozidi miaka 8 likaguliwe mara 3 kwa mwaka, maili ziangaliwe kila mara, na kiwango cha moshi kiandikwe wazi kwenye leseni. Ada ya ukaguzi wa ziada alipe mwenye gari. Madereva, mnasemaje: mngekubali kulipa ada hizo tatu kuliko kulazimishwa kubadili gari? Na anayetetea umri, naomba anieleze lile gari la miaka 11 limekosa nini.