Oili ya injini imevuka alama ya F (kikomo cha juu kwenye stiki ya kupimia) na fundi anasema haina shida. Nisafiri hivyo hivyo?

mama_wa_zamu

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla sijagombana na mtu.

Nina gari, Toyota IST, ile ya cc 1290. Leo asubuhi nimetoka zamu ya usiku wodini, nikapitia gereji moja hapa Morogoro kumwaga oili, maana Ijumaa naelekea Iringa kwenye sendofu ya mdogo wangu. Nikakaa kwenye benchi, usingizi ukanichukua. Nilipozinduka fundi ameinamisha galoni mdomo chini, anaigonga kisogoni mpaka tone la mwisho lidondoke. Nikamuuliza, mbona unamimina yote? Akanijibu, "Dada, galoni lita 4, gari lita 4." Nikalipa nikaondoka, macho yenyewe yalikuwa hayafunguki.

Jioni nikapima mwenyewe. Gari liko kwenye sementi, pamesawazika. Oili imepita F kwa upana wa kidole changu cha mwisho. Nikafuta stiki, nikarudia mara tatu, kama ninavyorudia presha ya mgonjwa nisipoiamini. Iko palepale.

Fundi nikampigia: "Oili haizidi dada, ikipungua ndiyo inaua." Jirani yangu mwenye Noah naye anasema nikifika mlima Kitonga, njiani kwenda Iringa, sili za injini zinazozuia oili isivuje zote zitafumuka. Nimsikilize nani? Kazini kwetu dripu ikizidi, mapafu ya mgonjwa yanajaa maji, kwa hiyo hilo neno "haizidi" limenikwama kooni.

probox_ya_mkopo

Upana wa kidole? Washa uondoke dada. Mimi naweka galoni nzima kila sevisi, mwaka wa 6 huu, na mzigo juu. Watu wanapenda kuogopeshana.

baharia_wa_likoni

Dadangu, kabla ya yote: ulipima muda gani baada ya kuzima? Ukizima na kuchomoa stiki papo hapo, oili nyingi ingali juu huko kwenye kichwa cha injini, utaiona chache kuliko ilivyo. Ngoja dakika 5 mpaka 10 ndiyo upime.

Na jambo la pili, ingawa si lako. Mtu akiona oili inapanda na yeye hajaongeza kitu, huyo ndiye aogope hasa. Hapo ni petroli inashuka chini, au maji ya rejeta yamepata njia. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena.

mama_wa_zamu

Gari lilikuwa limelala tangu saa nne asubuhi, nimepima saa kumi na mbili jioni. Rangi ni ya asali, mpya kabisa. Shukrani kaka.

mzee_wa_spana

Mwanangu, pole na zamu.

Fundi wako kasema nusu ya kweli. Nimekaa gereji za Temeke miaka 31. Injini nilizozifungua zikiwa zimenoki kwa kukaukiwa oili siwezi kuzihesabu, na iliyokufa kwa sababu imezidi nusu lita sikumbuki hata moja. Lakini "haizidi" ni neno la mtu ambaye hajawahi kulala chini ya gari, akafungua sampu, akatazama juu.

Oili inalala kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini. Juu yake kidogo tu ndipo kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozungukia, na waliounda injini wameacha nafasi katikati kwa makusudi. Gari likiwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kranki inapita pale mara 50 kila sekunde. Oili ikipanda mpaka ikafikiwa, kranki inageuka upekecho. Umewahi kupekecha mlenda? Basi ni povu. Na pampu haina macho, inavuta povu hilo hilo na kulisukuma kwenye beringi. Oili ndiyo inayozuia chuma kisikutane na chuma, na hewa haiwezi kazi hiyo. Nimeshaona taa nyekundu ya oili inawaka kwenye gari lililojazwa kupita kiasi, na mwenye gari, masikini, akaenda kununua oili nyingine akaongeza.

Habari za sili kufumuka, jirani amekoleza chumvi. Sili iliyochoka itaanza kulia, ile nzima itavumilia. Oili iliyozidi hupenda zaidi kupanda na ule mvuke unaorudishwa kwenye njia ya hewa, ikaenda kuunguzwa pamoja na petroli. Utaona moshi wa bluu, plagi zinachafuka, na masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi yanaharibika taratibu.

Sasa tupige hesabu. Injini yako inameza lita 3.7 ukibadilisha filta, na lita 3.4 ukiiacha ya zamani. Galoni ni lita 4. Galoni ni kipimo cha muuza oili, haijui gari lako. Je, filta ilibadilishwa? Usinijibu kwa kumbukumbu, kaangalie.

mama_wa_zamu

Shikamoo mzee. Nimeinama na tochi ya simu, vitenge vyote vumbi. Filta ina tope lililokauka, na buibui kafunga nyumba. Kwenye karatasi aliyonipa imeandikwa "filta 15,000".

probox_ya_mkopo

😂😂 Buibui naye kahesabiwa sevisi.

mzee_wa_spana

Marahaba. Basi umezidishiwa kama lita 0.6. Ungekuwa unazunguka Kihonda na Msamvu tu, ningekwambia endesha huku unapima. Kitonga ni habari nyingine. Unapanda kwa gia ndogo, mizunguko juu, pua ya gari imeinuka, oili yote imekimbilia upande mmoja wa sampu, na joto halina pa kwenda. Sitaki ujaribie huko.

Rudi kesho, bila ugomvi, akufungie filta uliyoilipia. Ile ya zamani itatoka na oili yake, mpya itajaza tumbo lake kutoka kwenye sampu, kwa hiyo kiwango kitashuka karibu lita 0.3. Iliyobaki itolewe kidogo kidogo. Nati ya sampu usiiguse mwenyewe, oili ya moto haina huruma na nati ikikazwa vibaya meno yanaisha. Mpitishe mpira mwembamba kwenye tundu la stiki, uvute kwa sindano. Mipira ya dripu mnayo kazini?

dereva_wa_semi

Nampa mzee nguvu kwa upande wa dizeli. Yadi moja niliyofanyia kazi, kijana alijaza oili mara mbili, kila zamu ikadhani nyingine haijaweka. Gari lilipochemka likaanza kunywa oili yake lenyewe kupitia njia ya hewa. Funguo imezimwa, limeendelea kunguruma na kupanda mizunguko, moshi yadi nzima. Lilinyamaza mtu alipoziba mdomo wa hewa kwa ubao. Petroli haifanyi hivyo, usiogope dada, lakini wenye dizeli mnaosoma hapa msicheke.

mama_wa_zamu

Mrejesho wakuu. Fundi kafunga filta mpya, hakubisha, ila hakuniangalia usoni. Nyumbani nikaacha injini ipate vuguvugu, nikazima, nikangoja dakika 10. Nimenunua duka la dawa mpira wa dripu na sindano ya cc 50 (vya wodini ni vya wagonjwa, mzee). Nikaupitisha kwenye tundu la stiki, nikavuta mara 6, nikawa nahesabu kwa sauti mpaka mwanangu akaniuliza gari linaumwa nini. Jumla cc 300. Sasa oili iko nywele moja chini ya F.

Ijumaa tumepanda Kitonga nyuma ya lori la mbao, mwendo wa konokono, taa haikuwaka na moshi sikuuona. Iringa nimepima tena asubuhi, iko vilevile.

Swali la mwisho: hizi cc 300 nimeziweka kwenye chupa ya maji. Nimwage?

mzee_wa_spana

Funga kifuniko, andika OILI kwa kalamu nene mtoto asije akadhani ni juisi, weka kwenye buti. IST yako itakuja kuiomba yenyewe kabla ya sevisi ijayo.