Tupeane uzoefu: ushuru tunaoilipa halmashauri unaishia wapi?

Meza ya Dagaa

Habari za jioni wakuu. Nina meza ya dagaa na viungo sokoni, huu mwaka wa kumi na moja. Ushuru wa meza ni sh 500 kwa siku. Anapita kijana na mashine ya POS, ile ya kukusanyia ushuru, inatoa karatasi ya risiti, naikunja naitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Sijawahi kuruka siku. Hata nilipokwenda kumzika mama mkwe nilimwachia jirani hela ya ushuru anilipie.

Mwaka juzi tukaitwa wafanyabiashara ishirini na kitu, tukaambiwa tunadaiwa miezi minne. Nikarudi mbio mezani kuchukua kopo langu. Nimefungua mbele ya mhasibu, karatasi ya kwanza nyeupe. Ya pili nyeupe. Wino wa zile karatasi hauvumilii joto, na kopo langu limekaa chini ya bati miaka yote. Nilizimwaga zote juu ya meza yake, nyeupe pe, hakuna tarehe wala kiasi. Nikauliza, mashine si ina kumbukumbu? Nikajibiwa kwenye mfumo hakuna kitu. Nililipa tena sh 60,000, na ile ilikuwa ada ya mwanangu.

Soko lenyewe lina choo kimoja, na mtaro umeziba toka nianze biashara. Mvua za Machi tunapanga dagaa juu ya matofali.

Naomba kila mmoja aseme yaliyomkuta: meza, leseni, kodi ya jengo, taka, stendi, mazao, chochote. Majina ya watu na ya halmashauri tuyaache, nataka tujifunze tu.

Kizuizini

Mama, pole sana. Mimi nilikuwa upande wa pili wa hiyo mashine, miaka mitatu kwenye kizuizi cha mazao. Ngoja nikueleze.

Kwa kanuni, hela ya ushuru ikishapokelewa inakwenda benki kwanza, siku hiyohiyo au siku ya kazi inayofuata, ndipo itoke kwa bajeti na kwa sahihi. Ile inayotumika kabla ya kufika benki tunaiita fedha mbichi. Ugonjwa wote unaanzia hapo. Saa kumi jioni nina laki nne na ushee mkononi, simu inaita: "Gari limekwama, weka mafuta, kesho tutarekebisha." Wiki inayofuata kuna wageni, lipia chakula. Maandishi hakuna. Aliyekupigia anahamishwa, anakuja mwingine, na mashine inasoma jina lako wewe. Siku ya ukaguzi nilikuta jina langu kwenye orodha ya wakusanyaji wasiopeleka fedha benki, milioni 3.7. Nasema ukweli mbele ya Mungu, mara mbili nilichukua hela ya dawa ya mtoto nikarudisha mwisho wa mwezi. Milioni tatu sikuzila. Niliuza pikipiki nikalipa.

Kuhusu karatasi zako: mashine ikikaa nje ya mtandao, miamala inabaki tumboni mwake, haipandi kwenye mfumo. Ikipotea au "ikiharibika" kabla ya kupanda, umelipa na hukulipa. Ukisoma ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu serikali za mitaa, hela iliyokusanywa isifike benki inatajwa karibu kila mwaka.

Lipo lingine linanikosesha usingizi mpaka leo. Tangu 2017 hapa Tanzania mazao yasiyozidi tani moja yakisafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru, na kiwango kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Bibi anakuja na debe mbili za mahindi anapeleka kwa mjukuu wake, hajui. Na sisi hatukuwa tunamwambia.

Mpangaji wa Chumba na Sebule

Mimi ni hii kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilipoanza Agosti 2021 ilikuwa sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500. Nyumba yetu ina mita tatu, wapangaji watatu. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni anayenunua umeme. Tukaja kugundua mita mbili zote zinakatwa, yangu na ya jirani, jengo ni hilohilo moja. Nilikwenda ofisini mara nne kutenganisha, kila mara naambiwa nilete namba ya mita, na mita iko ukutani haijahama!

Mwenye nyumba wangu ni muungwana, nilimpelekea ujumbe wa ununuzi wa miezi yote akanipunguzia kwenye kodi ya pango. Wenzangu wengi wanaogopa hata kumuuliza. Msiogope, hela hiyo si yenu kulipa. Tunzeni zile sms.

Duka la Vifaa vya Ujenzi

Ushuru wa huduma. Nilikuwa nahesabiwa asilimia 0.3 ya mauzo, ukishatoa VAT. Si faida, ni mauzo. Saruji mfuko unapata faida ya mia tano, wao wanahesabu bei yote ya mfuko. Mwaka ambao mwanangu alilazwa duka lilikula hasara, ushuru ukabaki palepale. Nalipa kila robo mwaka na sibishi, ila tangu nianze kulipa sijaona mtu amekuja kuniambia "hii hela yako ilijenga kile". Hata siku moja.

Mjumbe wa Mtaa

Niliwahi kuwa kwenye kamati ya serikali ya mtaa, nina kisa kimoja nitakisimulia mpaka nife.

Tulichangishana sh 5,000 kila kaya tujenge kalavati, maana watoto walikuwa wanavushwa mgongoni kwenda shule. Halmashauri nayo ikatia chake. Kalavati likajengwa, sawa, tunashukuru. Ukafika mkutano wa mtaa wa kusoma mapato na matumizi. Ile karatasi inasomwa haraka, unajua, kama mtu anayesoma dua ya chakula na njaa inamuuma. Ikafika "saruji, mifuko arobaini".

Akasimama mama mmoja, mama lishe, ndiye aliyewapikia mafundi siku zote tisa. Akaomba dakika mbili. Akatoka. Tukadhani amekasirika ameondoka. Akarudi na furushi la mifuko mitupu ya saruji. Alikuwa anaiomba kwa mafundi kila jioni ili aifumue akafunikie kuni zake. Akaanza kuitandaza chini ya mwembe, mmoja mmoja, anahesabu kwa sauti, na watu wakaanza kuhesabu naye. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane. Ikaisha.

Akasema: "Mimi sijasoma. Hiyo ishirini na miwili mingine naomba nionyeshwe ilipokaa, nina kuni hazijafunikwa."

Hakupiga kelele, hakutukana mtu. Mkutano uliahirishwa wiki mbili. Wiki mbili zilipoisha hesabu mpya ikasomwa polepole, mstari kwa mstari, na mifuko ishirini na miwili ikaletwa, tukapiga nayo sakafu ya darasa la awali. Kuanzia siku ile hakuna karatasi iliyosomwa mbiombio pale kwetu.

Mapato na matumizi kusomwa mbele ya wananchi ni haki yenu, na yabandikwe ubaoni. Tatizo letu mikutano hatwendi. Siku ya kalavati tulikuwa watu 63 kwenye mtaa wa maelfu.

Fundi wa Pwani ya Kenya

Hamjambo ndugu zangu. Nami naleta la huku kwetu, kaunti nisiitaje.

Mwaka 2016 nilipata zabuni ya viti na meza ndogo za chekechea, maana chekechea ni jukumu la kaunti tangu ugatuzi uanze 2013. Kazi ya shilingi 840,000 za Kenya. Nikachukua mkopo benki, nikanunua mbao, nikaajiri vijana wanne. Nikapeleka mzigo, nikapewa stakabadhi ya kupokea. Malipo, subiri. Uchaguzi wa 2017 ukaingia, gavana mpya akaunda kamati ya kukagua madeni ya aliyemtangulia. Kamati ikakaa. Nikaitwa kuleta karatasi zilezile mara tatu. Benki haina kamati, benki ina dalali. Pikapu yangu ilivutwa asubuhi mke wangu akiwa amesimama mlangoni na chai mkononi. 2021 nikalipwa nusu, nusu hadi leo.

Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka walau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, na Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti ambazo madeni haya yamo. Lakini linaloniuma si sheria. Nikipita pale shule naviona viti vyangu. Watoto wamevikalia, wanaimba. Navijua kwa zile pembe nilizoziviringisha mwenyewe kwa tupa ili wasijiumize.

Mtu wa Baridi

Niko Uingereza, si mbali na Birmingham. Huku kodi ya mtaa inakuja kwa barua kila Machi, imechanganuliwa: polisi kiasi gani, zimamoto kiasi gani, halmashauri kiasi gani, na unalipa kwa mafungu kumi. Barua hiyo nilipoipata mara ya kwanza niliipiga picha nikamtumia baba nyumbani, akashangaa sana.

Lakini msidhani karatasi nzuri ni dawa ya kila kitu. Septemba 2023 halmashauri ya jiji la Birmingham, moja ya kubwa kabisa Ulaya, ilitoa notisi kwamba haiwezi tena kulinganisha mapato na matumizi, ikasimamisha kila matumizi mapya yasiyolazimishwa na sheria. Sababu zilizotajwa sana ni mbili. Wafanyakazi wanawake waliolipwa chini ya wanaume kwa kazi zenye thamani sawa walidai haki yao, deni ambalo wakati ule lilikadiriwa kufika pauni milioni 760. Na mfumo wa kompyuta wa hesabu, uliopangiwa kama milioni 19, makadirio yake yakapanda kufikia karibu milioni 100. Serikali kuu ikaleta makamishna. Aprili 2024 hiyo kodi ya mtaa ikapanda asilimia 9.99, huku huduma zikikatwa. 2025 wazoa taka wakagoma na marundo ya mifuko yakawa habari ya dunia nzima.

Nina rafiki Mkongo, mama wa watoto watatu, anaishi kule. Aliniambia, "Mimi sikununua kompyuta yoyote, mbona bili imekuja kwangu?" Sikuwa na jibu.

Mzee wa Tume ya Jiji

Wanangu, mnanikumbusha mbali. Kodi ya kichwa mliisikia? Ilifutwa 2003. Kabla ya hapo ukisafiri bila stakabadhi mgambo wanalisimamisha basi, wanaume mnashuka. Nimeshalala usiku mzima kwenye ofisi ya kata, nimekalia gunia la mtu, kwa sababu stakabadhi niliiacha kwenye suruali nyingine. Mtu na heshima zake.

Dar es Salaam ndiyo usiseme. Halmashauri za miji zilifutwa miaka ya sabini mwanzoni, zikarudishwa 1978 baada ya mambo kuharibika. 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja hadi 2000, zikaanza manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Wakati wa Tume tuliona magari ya taka yakipita, tuliona vibanda vikivunjwa pia, na wengine waliumia. Kisha Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja tena Halmashauri ya Jiji, Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Kwa umri wangu nimeona jiji moja likivunjwa na kuundwa tena na tena. Mtaro wa mbele ya nyumba yangu ni uleule.

Kikoba cha Jumatano

Sisi ni ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Tulirejesha wote, mpaka senti. Aprili 2023 ikasimamishwa kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, tukakaa zaidi ya mwaka na vyerehani vimefunikwa kanga. Ilipofunguliwa 2024 tukaanza foleni upya na waliokimbia na hela. Inauma.

Meza ya Dagaa

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Kaka wa Kizuizini, nimekusamehe kwa niaba ya wale mabibi, na mimi nina mama yangu kijijini anabeba debe.

Mimi sasa hivi nina daftari. Kijana akitoa karatasi naandika namba ya muamala, saa na kiasi, halafu naipiga picha kwa simu ya mwanangu. Akisema karatasi zimeisha namwambia aje zikipatikana, hela ipo hapa haiendi popote. Wenzangu kumi na wanne wameshanunua madaftari.

Mjumbe, nina swali. Ubao wa matangazo wa soko letu una kioo na kufuli, na ndani imebaki karatasi ya mwaka 2022. Ufunguo kila ninayemuuliza ananielekeza kwa mwingine. Niandike barua kwa nani kwanza, mtendaji wa kata au mkurugenzi? Mkutano wa soko ni Jumamosi saa nne, nataka niende nayo mkononi.

Mjumbe wa Mtaa

Mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi. Andika mbili, na ile yako wakugongee muhuri wa kupokea.