Intafesi ya sauti yenye matundu 8 ya kutoa, bei ya kawaida, kwa maonyesho Mji Mkongwe

BintiWete

Assalaam alaykum jamani, naombeni msaada wenu nyinyi mnaojua mambo ya vyombo.

Natayarisha maonyesho ya sauti, si muziki wa kucheza wala si filamu, ni sauti tupu, kwenye ukumbi wa chini wa nyumba moja ya zamani huku Mji Mkongwe. Spika 8 zinamzunguka mtu na yeye anapita katikati taratibu anasikiliza. Sauti zenyewe nimezirekodi kwetu Pemba msimu wa karafuu, watu wako juu ya mikarafuu wanaitana, matawi yanakatika, usiku wanachambua makonyo barazani huku wanapiga soga, na asubuhi karafuu zinamwagwa majamvini na kugeuzwa, ile sauti yake kama hujaisikia karibu huijui.

Sasa laptopu yangu ina tundu moja la hedfoni, kushoto na kulia basi. Nataka intafesi, yaani kile kifaa cha kati ya kompyuta na spika, cha kutoa sauti 8 mbalimbali kwa pamoja. Nikitafuta nakutana na RME na MOTU, nzuri wallahi lakini mie siwezi, MOTU UltraLite mk5 peke yake ni dola mia sita na zaidi, hapo hujalipa mzigo kufika Dar wala kuupandisha boti. Nikishuka chini naona zimeandikwa 18 sijui 20, nikitazama picha ya nyuma matundu hayafiki hayo. Tena kuna vidude vya yuesibii vimeandikwa 7.1, ati chaneli saba na moja ya sabufa, bei ya chipsi mayai. Kipi kweli na kipi uongo? Natumia Windows.

fundi_vyombo_Ngambo

Waalaykum salaam dada angu. Maandishi ya juu ya boksi yaache, wewe geuza kifaa uhesabu matundu ya nyuma. Wakisema 20 wanajumlisha kila kitu mpaka zile njia za mwanga ambazo bila ya kuongeza chombo chengine spika yako haitosikia kitu. Chukua Behringer UMC1820, imeandikwa 18 kuingia na 20 kutoka, lakini matundu ya jeki ya kutoa ni 10, nane nyengine ni ADAT, njia ya dijitali ya chaneli nane inayopita kwenye waya mmoja wa mwanga, na mbili ni S/PDIF, njia ya dijitali ya chaneli mbili. Kwa kazi yako 10 yanatosha na mawili yanabaki ya sabufa ukitaka. Hiyo ndo ningekwambia ununue ikiwa lazima ununue, iko kwenye dola mia mbili na kitu huko inakouzwa, ina adapta yake ya umeme haiitegemei laptopu, na matundu yake ni ya balansi, yaani waya wake unaufuta mvumo unaouokota njiani.

Ndogo yake ni ESI Gigaport eX, matundu 8 ya RCA, yale ya duara ya nyuma ya redio na tivii, maiki haina hata moja na wewe maiki ya nini, ushamaliza kurekodi. Inaingia mfukoni. Ubaya wake RCA si balansi, waya ukiwa mrefu unaokota mvumo njiani. Na ukikubali spika 4 badala ya 8 basi UMC404HD inatosha na bei inashuka sana, ila naona wewe 8 umeshazipenda.

Vile vya 7.1, vingi ndani ni chaneli mbili tu, iliyobaki ni ujanja wa programu kumdanganya mtu wa magemu mwenye hedfoni. Kukijua ni rahisi, kikiwa na tundu moja la hedfoni na moja la maiki kiache hapo hapo dukani. Chenye matundu manne ya kutoa ndo cha kweli, kila tundu linabeba chaneli mbili, ingawa sauti yake usitegemee makubwa.

Lakini kabla hujatoa hata senti nenda kawaone wenye vyombo vya harusi. Watu hawalijui hili, mikisa za dijitali za siku hizi ukichomeka yuesibii zinakuwa intafesi. Behringer XR18 inapokea chaneli 18 kutoka kwenye kompyuta, nyuma ina matundu ya kutoa ya pembeni, aux, 6 na makuu, mein, mawili, yote XLR, yale ya pini tatu kama ya maiki, jumla nane yako hiyo hapo. X32 kubwa ina matundu 16 ya kutoa. Kwenye XR18 unafungua programu yake ya X Air Edit, unageuza kila chaneli isome yuesibii badala ya maiki, bas 1 mpaka 6, zile njia za ndani za mikisa, unazitoa kwenye aux, na mein kushoto na kulia zinakuwa ya saba na ya nane. Unaikodi kwa siku za maonyesho, unairudisha, hujanunua kitu.

pwani_mchangani

Mie naona mnamtia gharama bure mtoto wa watu. Sauti za shambani zinataka nini na intafesi? Nunua vile vibodi vya MP3 vya kadi ya memori, kila spika na chake, nane vyote bei yake haifiki robo ya hiyo Behringer. Kila kimoja kinapiga faili lake na kurudia, laptopu hamna, Windows kujisasisha katikati ya maonyesho hamna.

Na ujanja wake ni huu, mafaili usiyafanye urefu mmoja. Moja liwe dakika 7, jengine 11, hayo mawili mpaka yakutane tena pale pale yalipoanzia ni dakika 77, ukiweka na la 13 ndo husemi tena. Mtu akija asubuhi na akirudi jioni hasikii kitu kile kile.

BintiWete

@pwani_mchangani nimeipenda hiyo, na kwa sauti za majamvi na za kuchambua naweza kuifanya hivo hivo. Ila kuna kipande kimoja ndo roho ya kazi, mtu anaita kutoka juu ya mti huu, wa mti wa pili anamjibu, wa tatu anadakia, inazunguka mpaka inarudi. Hapo ikichelewa hata nusu sekunde imeharibika, inakuwa watu wanagombana.

Suali jengine, nikinunua mbili za matundu manne manne nikazichomeka pamoja si ndo nane? Kuna mtu anauza za mtumba.

kadi_ya_sauti

Kuchomeka utachomeka, tabu inakuja baadae. Kila intafesi ina saa yake ndani ya kuhesabia sauti na saa mbili hazilingani kamwe. Tuseme moja inakwenda kasi kuliko mwenziwe kwa sehemu 50 katika milioni, na hiyo ni tofauti ya kawaida kabisa, kwa dakika moja wameachana milisekunde 3, husikii. Kwa saa moja ni milisekunde 180, na ukiiwacha kutwa nzima yule wa mti wa pili anajibu kabla hajaitwa. Mac inaweza kuziunganisha mbili na kurekebisha mwendo yenyewe, kwa Windows programu nyingi zinashika draiva moja tu ya ASIO, ile inayoiunganisha programu na intafesi moja kwa moja, kwa wakati mmoja. Ziache hizo mtumba.

Njia ya halali ya kuongeza matundu ni ADAT. Intafesi yoyote, hata ya zamani, yenye tundu la ADAT la kutoa, unaiungia Behringer ADA8200 kwa waya mmoja wa mwanga, unapata XLR 8 za kutoa, na ile ADA8200 unaiwekea ifate saa inayokuja na ADAT, basi zinakwenda pamoja kama kitu kimoja. Ila mradi wote uuweke 48 kHz, yaani sampuli elfu 48 za sauti kwa sekunde, ukipanda 96 chaneli 8 zinakuwa 4. Na angalia sana hapa, tundu la mwanga la nyuma ya tivii au redio ya sebuleni linafanana sura moja na la ADAT na waya wake ndo ule ule, lakini hilo ni S/PDIF, chaneli mbili tu za sauti safi. Muuzaji atakwambia "hii optiko" na hajakudanganya.

Kuna na njia ya HDMI hamjaisema. HDMI inabeba chaneli 8 za sauti ambayo haijabanwa. Ukipata risiva ya home theatre ya 7.1, hata iliyokwisha umri kwa kutazamia filamu, ina pawa zake, yaani amplifaya za kuendesha spika, ndani kabisa, laptopu unaiunga kwa waya mmoja, kwenye Windows unaiwekea 7.1. Zima vile vikorombwezo vyake vyote vya Dolby na ukumbi wa bandia, iwe inapitisha tu. Lakini uelewe ni chaneli 7 si 8, kwa sababu ya nne kwenye mpangilio ni ya sabufa na risiva inaikata juu, unabakiwa na mdundo wa chini tu. Ukiweka sauti ya mtu hapo utasikia mgonjwa ananguruma.

Upande wa programu tumia Reaper, ya kupangia na kupigia sauti, siku 60 za majaribio inafanya kazi yote bila kukukata chochote, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Ile traki ya masta, ambayo sauti zote zinapitia kabla ya kutoka, uipe chaneli 8, mwanzo huwa ni 2, hapo ndo watu wengi wanakwama wakadhani intafesi mbovu. Na upakue draiva ya ASIO ya kampuni yenyewe. Pure Data, programu ya kujitengenezea mpango wa sauti, nayo ni bure ukitaka sauti zijichague zenyewe, lakini ina kichwa chake ile, usiianze wiki ya maonyesho.

mzee_wa_baraza

Nyote mnazungumza boksi, mimi nimzungumzie nyumba. Bibi, kuta hizo ni mawe na chokaa, sauti ikitoka inagonga huku inarudi kule, ukumbi mtupu wa namna hiyo ukipiga kofi moja unasikia mengi. Kabla ya kuweka spika yoyote tandika mikeka na mazulia, tundika kanga nzito nzito kwenye kuta mbili zinazotazamana, uone tofauti yake. Ukutani usitoboe, nyumba za Mji Mkongwe zina Mamlaka yake na ruhusa yake. Juu una maboriti, funga kamba humo, spika zining'inie usawa wa kichwa cha mtu au juu kidogo, na wale watu wa miti wataka hasa kutoka juu.

La pili, huyo msikilizaji wako anatembea. Sikio linamfata anayefika mwanzo. Sauti inakwenda mita moja kwa milisekunde 3 hivi, kwa hiyo ukitia sauti moja kwenye spika mbili ukitarajia aisikie katikati yake, akisogea hatua mbili kulia ishahamia kulia yote. Hayo ya katikati ni ya mtu aliyekaa kitini. Wewe mpe kila mtu wa mti spika yake peke yake asichangie na mwenziwe, hapo atabaki kwenye mti wake popote msikilizaji atakaposimama.

BintiWete

Mzee ahsante sana, shikamoo. Hilo la kila mtu na spika yake limenipunguzia kazi nusu nzima, nilikuwa nahangaika na programu za kuzungusha sauti.

Sasa spika na pawa. Nane za kujiendesha zenyewe bei yake imenishinda.

fundi_vyombo_Ngambo

Usinunue hizo. Tafuta pawa za gari, za chaneli nne, mbili tu, Darajani hukosi na spika za gari za omu 4 zimejaa tele, fundi seremala akukatie vibox vya mbao. Pawa ya gari inakula volti 12 kwa hiyo unaiweka na betri na chaja, umeme ukikatika maonyesho yanaendelea na laptopu ina betri yake, itabaki intafesi tu na hiyo uitie yupiesi ndogo, kile kiboksi chenye betri ya akiba. Na faida ya pili, nane za kujiendesha zinataka soketi nane zimetawanyika ukumbini, hapo ndo mvumo wa umeme unapozaliwa, vyombo viko kwenye soketi mbali mbali na vimeungana kwa waya za sauti. Wewe kila kitu kitakula sehemu moja.

Sasa sikiliza vizuri, pawa ziweke ubavuni mwa intafesi, waya za jeki kwenda RCA ziwe fupi, mita moja ikizidi sana mita mbili, kisha waya mrefu ndo ule wa spika wenye shaba nene kidogo. Waya wa spika hauokoti mvumo, wa RCA unaokota. Gain za pawa, zile nobu za kukuza sauti inayoingia, zipunguze mpaka robo, zikiwa juu utasikia shhh kabla karafuu hazijamwagwa. Na huko karibu na bahari jeki zinashika chumvi upesi, usiku funika kila kitu, asubuhi chomoa uzifute na spiriti kabla ya kufungua mlango.

BintiWete

Nimeongea na mmoja wa vyombo vya harusi hapa, anayo XR18, amekubali kunikodisha lakini Alhamisi mpaka Jumapili hataki hata kusikia, kazi zake zimejaa. Na mie maonyesho ni siku kumi mfululizo.

fundi_vyombo_Ngambo

Siku kumi hakupi, hasa sasa watu wanakimbizana kuoza kabla ya Ramadhani. Muombe Jumatatu mpaka Jumatano, ifungue ukumbini, ujaribu mpangilio wote wa spika nane mpaka uridhike, ndo hapo utajua kama kweli unataka nane au sita zinatosha. Halafu agiza UMC1820 kupitia mtu anaekuja kutoka Dubai, na hakikisha amekuletea na adapta yake, ikipotea kuitafuta hapa utazunguka.

pwani_mchangani

Na vibodi vya MP3 chukua viwili vya akiba kwa ajili ya baraza nje, mtu aanze kusikia kabla hajaingia.

BintiWete

Hiyo nachukua. Spika za gari nikaulize za inchi 6 au ndogo zaidi?

fundi_vyombo_Ngambo

6 na nusu, za njia mbili, yaani yenye spika ndogo ya sauti kali ndani yake. Ndogo ya hapo sauti ya mwanamme inakuwa ya simu.