Sensa ya 2032 ituulize kabila, au ituache hivi hivi?

Mleta mada (Igoma)

Mwangaluka wadau. Majuzi nilidondosha kitambulisho cha taifa kwenye daladala, nikaenda polisi kutoa maelezo. Jina, umri, kazi, makazi, dini, kabila. Hapo kwenye kabila nikakwama. Baba Mkerewe, mama Mkurya, mimi nimezaliwa na kukulia Igoma. Nikaanza kueleza, afande akanikata: "Baba yako kabila gani?" Akaandika Mkerewe, akageuza karatasi. Mama kafutwa kwa biki, sekunde mbili.

Nikakumbuka Agosti 2022, karani wa sensa alivyokaa sebuleni na kishikwambi chake. Aliuliza choo cha aina gani, tunapikia nini, nani ana ulemavu, mifugo mingapi. Kabila hakugusa. Sensa ya mwisho kuliuliza ilikuwa ya 1967. Ndiyo maana tunajua Mkoa wa Mwanza una watu 3,699,872, lakini ukiuliza Wasukuma ni wangapi humo, kila mtu ana namba yake. Nyingi ya hizo namba ni za 1967, Wasukuma kama milioni moja na nusu nchi nzima, halafu mtu kazidisha anavyojua yeye.

Sasa, turudishe swali? Mimi nasema hapana. Kwanza, nani ataandika orodha? Hata hilo jina Wasukuma maana yake ni watu wa kaskazini, ndivyo Wanyamwezi walivyowaita jirani zao. Wenyewe walijitaja kwa utemi wao. Mwingereza ndiye aliyekuja kuwakusanya watemi chini ya shirikisho moja pale Malya, miaka ya 1940. Kabila tunaloliona la tangu enzi na enzi, sehemu yake ni kazi ya ofisi.

Karibuni, mnipinge kwa hoja.

Dagaa Mbichi (Kirumba)

Mkuu, serikali haiulizi lakini sisi mwaloni tunaulizana kabla chai haijapoa. Tajiri mwenye mitumbwi anajua nani katoka Ukara na nani Majita, na utani wake anaupanga humo humo. Hakuna aliyekufa. Andikeni tu, Wasukuma tuko wengi, mnaogopa nini?

Mleta mada

Hiyo "tuko wengi" ndiyo ninayoiogopa.

Rorya Kwetu

Mimi Mjaluo, nusu ya ukoo uko Migori, kwa hiyo naona pande zote mbili za mpaka. Kenya wanahesabu. Sensa yao ya 2019 ilitoa Wakikuyu 8,148,668, Wakalenjin 6,358,113, Waluo 5,066,966. Binamu zangu wanazijua namba hizo kama matokeo ya mpira. Ukikaribia uchaguzi kila mtu anakuwa mhasibu: ukichukua hawa ukajumlisha na wale unapata rais. Na sensa ya 2009 serikali yao yenyewe ilikataa matokeo ya wilaya nane, nyingi za kaskazini mashariki, ikisema idadi imepanda kupita kiasi. Wasomali walioona wanafutwa wakaenda mahakamani. Sasa fikiria mabishano hayo yahamie Geita na Mwanza.

Lakini nisiwaonee. Wana sheria ya 2008 inayokataza ofisi ya umma kuwa na watumishi zaidi ya theluthi moja kutoka kabila moja. Sisi tukilalamika kwamba ofisi fulani imejaa watu wa sehemu moja, tunalalamikia hisia.

Mleta mada

Theluthi hiyo inataka daftari la ajira la ofisi husika. Haihitaji karani aje mpaka kwangu Igoma.

Mwalimu wa Nansio

Mleta mada, hoja yako ni ya watu wa mjini. Nimefundisha kisiwani Ukara. Mtoto anasalimiwa na bibi yake kwa Kikara, anajibu kwa Kiswahili, bibi anacheka, mambo yanaishia hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa atlasi ya lugha mwaka 2009, wakapata lugha kama 150 nchini. Bila wao tungebaki na porojo. Wakubwa wanajulikana hata wasipohesabiwa. Wadogo ndio wanaopotea kimya kimya.

Halafu mmesahau jambo la hapa hapa Kanda ya Ziwa. Wenzetu wenye ualbino walipokuwa wanawindwa na kukatwa viungo, hakuna aliyejua wako wangapi, kila mtu alitaja yake. Sensa ya 2012 ikauliza, wakapatikana 16,477. Kuhesabiwa hakukuwaponza. Angalau mtu anayepanga ulinzi na mafuta ya ngozi akawa na pa kuanzia.

Jirani Makoroboi

Mimi Mhindi, mzaliwa wa Mwanza, na baba yangu mzaliwa wa Mwanza. Nitaandikwa nini? Wakenya walitatua kwa tangazo: 2017 Wamakonde wakawa kabila la 43, miezi michache baadaye Waasia wakawa la 44. Ukilala huna kabila, ukiamka unalo.

Na msidhani Marekani wamemaliza. Wanauliza rangi tangu sensa yao ya kwanza, 1790, ila ni mwaka 2000 tu ndipo mtu aliporuhusiwa kuchagua zaidi ya moja. Waliojiandika hivyo 2010 walikuwa milioni 9, 2020 wakawa milioni 33.8. Hakuna uzazi wa kasi hiyo, hata Ukerewe! Sehemu kubwa ni kwamba fomu ilibadilishwa, na namna ya kusoma majibu pia.

Mzee wa Kyaka

Wanangu, nimewasoma wote. Mwaka 1994 nilikuwa Kyaka. Mto Kagera unapita pale chini ya daraja. Siku ya kwanza tulidhani ni magogo. Kisha tukaona nguo. Walipita siku nyingi, wengine wamefungwa mikono kwa nyuma, wakaenda hadi ziwani, na kwangu samaki hakuliwa muda mrefu. Kule Rwanda kila mtu mzima alikuwa na kitambulisho kilichoandikwa kabila lake, tangu enzi za Wabelgiji. Pale kwenye kizuizi muuaji hakuhitaji kukuuliza. Alisoma tu.

Sina zaidi.

Mwalimu wa Nansio

Shikamoo mzee. Hilo sina la kulijibu kwa haraka. Naomba tu tutenganishe. Kitambulisho kinabeba jina lako na kabila lako pamoja, na unatembea nacho. Sensa inatoa jumla, na sheria inawakataza kutoa taarifa za mtu mmoja mmoja. Ukitafuta karatasi ya hapa kwetu inayofanana na ile ya Rwanda, ni ile aliyojaziwa mleta mada kule polisi. Jina juu, kabila chini. Mbona hiyo hajaomba ifutwe?

Mleta mada

Shikamoo yangu mzee aipokee kwanza. Mwalimu, hapo umenibana kweli. Nimekuja na hasira za fomu moja nikaimwagia nyingine. Basi nabadili: kabila liondoke kwenye maelezo ya polisi, lina kazi gani kwa mtu aliyepoteza kitambulisho? Na sensa iulize lugha zinazozungumzwa nyumbani, zaidi ya moja, bila orodha ya kuchagua. Kikara kitaonekana, na mama yangu atapata pa kuandikwa.

Rorya Kwetu

Wanasiasa watasoma lugha kama kabila. Na mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waligomea sensa wakidai swali la dini. Ukiongeza hili la lugha, lile utalikatalia kwa sababu gani?

Dagaa Mbichi

Lugha ni kabila lililopitia mlango wa uani. Haya mleta mada, karani kafika, kishikwambi mkononi: kwako mnazungumza nini?

Mleta mada

Kiswahili. Kikerewe nakisikia tu, Kikurya mama anakitumia akikasirika.

Dagaa Mbichi

Andika Kikurya kwanza.