Tupeane uzoefu: tele (vituo vya televisheni) za hapa Lubumbashi, Kongo, unazikumbukia nini?

Yaya wa Katuba
Jambo yenu wote. Juzi mama mkubwa ametuacha. Kaka yangu aliye Kolwezi akapiga simu, na swali lake la kwanza: "Tangazo limeshapita kwa tele?" Nikamwambia picha iko WhatsApp tangu asubuhi, ukoo mzima umeona. Hakutulia. Kwake yeye, kilio ambacho hakijapita kwa tele ni kama hakijaanza. Basi nikabeba picha na karatasi mpaka mapokezi ya kituo, nikalipia siku mbili. Pale kwa foleni tulikuwa watu wanne, wote wa kilio. Nikajiuliza: hizi tele zetu ndogo, zisizo za serikali, kila mtu anazikumbukia nini? Tuambizane.

Mtoto wa Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, wa Nairobi msinijibu)
Mimi nakumbuka delestaji, umeme kukatwa kwa zamu. Kwetu tele ilikuwa ya jirani, na gurupe (jenereta) ilikuwa yake, kwa hiyo petroli ikiisha habari nazo zinaisha. Desemba 2010 timu yetu Mazembe walipomtoa Internacional wa Brazili 2-0 kule Abu Dhabi, Kombe la Dunia la Klabu, sikuona goli hata moja, umeme ulikuwa umekwenda. Nilisikia kelele kutoka Kamalondo nikajua. Wiki nzima kituo kimoja cha hapa kilirudia watu barabarani: mama wa sokoni, wapanda baiskeli, kila mtu anaruka kwa matako kama Kidiaba, golikipa wetu. Nilikaa pale nikitafuta uso wangu. Fainali tulipigwa 3-0 na Inter ya Milano, lakini ile hawakurudia sana!

Kamera Mzee
Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na kidogo, sitataja wapi. Asubuhi mnatoka watatu na kamera moja: semina, kanisa, uzinduzi wa kisima. Mwenye shughuli anatoa bahasha, sisi tunaita "kupaji". Mshahara ulikuwa unaweza kukaa miezi, kupaji ndiyo ilikuwa inanunua unga wa bukari (ugali). Kwa hiyo ukiona kwenye habari dakika nane za semina ya hoteli na nusu dakika ya mafuriko ya Kampemba, usiulize sana: mafuriko hayana bahasha. Sijivunii.
Lakini jioni matangazo ya kilio yalikuwa yangu kuyapanga. Picha ya pasipoti inakuja ndogo kama stempu, imekunjwa, na familia inataka ijae kioo. Nilikuwa nazinyoosha kwa kitabu kizito usiku mzima. Kama jina nimekosea, kesho yake ukoo mzima uko mlangoni.

Papa wa Gécamines (kampuni ya migodi)
Ninyi watoto mmeanza mbali. Enzi za Zaire ilikuwa OZRT peke yake, ya serikali. Tulichokuwa tunangoja ni kundi la Mufwankolo, michezo yao kwa Kiswahili chetu cha hapa, si kile Kiswahili bora cha padri. Mke anamfokea bwana aliyekunywa mshahara wote, na sisi wote sebuleni tunamtazama papa, yaani baba. Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, 24 Aprili 1990, mlango ukaanza kufunguka, na wenye tele zao wakaja pole pole. Walikuta watu wameshazoea kujisikia kwa luga yao. Kazi ngumu ilikuwa imefanywa na Mufwankolo.

Kunguru Mweusi
Papa, samahani, hao "wenye tele zao" ni akina nani? Angalieni. Tele ya RTLJ ilikuwa ya mwanasiasa Muyambo, ikafungwa Novemba 2014. Nyota ya Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, ikafungwa 2016. Serikali ikasema ni kodi, na kila mtu hapa akahesabu miezi tangu Katumbi alipohama kambi ya Rais Kabila. Ikarudi hewani 2019, rais mpya alipoingia. Tele ya hapa inawaka na kuzimika pamoja na mwenye nayo. Delestaji ya pili hiyo.

Kamera Mzee
Kweli. Ila wakifunga, tajiri anabaki na nyumba yake. Fundi wa mlingoti ndiye anaenda kuuza kredi ya simu.

Mtoto wa Kenya
Na zile filamu za kanisa mpaka usiku wa manane je? Hakuna anayezikumbuka? Haya.

Yaya wa Katuba
Asanteni. Nimerudi kutoka makaburini sasa hivi. Tangazo lilipita jana magaribi, baada ya habari. Jina la mama mkubwa waliandika sawa, la kijiji walikosea. Kaka akaanza kukasirika. Halafu leo asubuhi akaja bibi mmoja kwa miguu kutoka Ruashi, hana simu ya WhatsApp wala hakuna anayemjua kwenye ukoo. Walisoma pamoja na mama mkubwa kwa masista. Aliona picha kwa tele ya jirani.