Homa imeshuka siku ya tano lakini hali siielewi, ni dengi au chikungunya?

MamaTabata: Habari zenu wakuu. Mume wangu ana miaka 41, Jumapili karudi kazini anatetemeka, homa ghafla tu, kichwa hasa nyuma ya macho, mgongo, viungo vyote. Malaria tumepima mara mbili hamna kitu. Leo siku ya tano homa imeshuka nikamshukuru Mungu, ila badala ya kuchangamka ndo kwanza amelegea, kila akinywa maji anatapika na analalamika tumbo. Jirani anasema nimpe diklofenaki ya maumivu alale. Nimpe?

NesiMbagala: Dada usimpe hiyo dawa. Diklofenaki, aspirini, ibuprofeni zote zinaongeza hatari ya kutoka damu, maumivu yake ni parasetamo tu. Na kushuka kwa homa kusikudanganye, dengi kati ya siku ya tatu na ya saba homa ikiondoka ndo maji ya damu yanaanza kuvuja kwenye mishipa na presha inadondoka, 2014 na 2019 hapa Dar tumepokea watu wazima wametoka kusema wamepona. Tumbo kuuma, kutapika mfululizo, kulegea hivyo, ni hospitali sasa hivi, sio kesho. Angalia na fizi kama zinatoka damu. Kama alishawahi kuugua dengi waambie, virusi vyake viko aina 4 na mara ya pili inaweza kuja kali zaidi.

Likoni_Kwetu: Pole sana dadangu. Mimi chikungunya ilinishika Mombasa mwanzo wa 2018, homa iliisha siku chache lakini viungo jamani, asubuhi kikombe cha chai nashika kwa viganja viwili maana vidole vimevimba havikunjiki, ngazi nashuka kinyumenyume, miezi minne hivyo. Jina lenyewe la Kimakonde, ni kujikunja, ugonjwa uligundulika huko kusini kwenu Tanzania 1952. Lakini sikulegea wala kutapika baada ya homa kutoka. Hiyo yako naiona dengi, mpeleke.

NesiMbagala: Na nyie mliobaki nyumbani mwageni maji ya ndoo na matairi, mbu anayeeneza dengi na chikungunya anauma mchana.

MamaTabata: Tuko hospitali tangu saa mbili usiku. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshuka hadi elfu 48, kawekewa dripu, presha wanapima kila saa. Daktari swali lake la kwanza lilikuwa amekunywa diklofenaki? Nikasema hapana. Asanteni sana.